Vidole vya Mama na Pareto ya Molo

Mjukuu wangu Nafula,

Hapa Kiamunyi tu wazima, na babu yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama baridi yabisi ya vidole itakuachisha ushonaji, na kama uuze cherehani yako.

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, mama yangu alichuma maua ya pareto huko Molo. Kila asubuhi vidole vyake vilikuwa vimevimba na kukakamaa. Siku moja nyapara akamwambia, "Mama, kazi imekushinda. Rudi nyumbani."

"Nipe mpaka jioni," mama akajibu.

Aliloweka mikono kwenye maji ya vuguvugu, akakunja na kukunjua vidole polepole, kisha akaingia shambani. Akiumia, alipumzika kidogo. Jioni kikapu chake kilijaa kuliko vyote, na nyapara mwenyewe akambebea. Nilifuata nyuma nikiringa.

Meza dawa za daktari, mjukuu wangu, lakini cherehani usiiuze.

Nyanya yako,
Rael