Jokha Hakuuzuia Ule Mkono

Arafa shoga yangu, kaa kitako kabla hujasoma. Ni habari ya wifi yako Jokha.

Leo tulikuwa kwenye mazoezi ya kujihami, hapa Miburani. Mwalimu Tumaini anainua mkono ghafla kama anayetaka kukupiga, wewe unauzuia, halafu unapiga pedi ya ngumi aliyoishika. Mnarudia mpaka mwili uzoee wenyewe. Tulikuwa tunacheka sana.

Ikafika zamu ya Jokha. Mkono ulipoinuka, hakuuzuia. Alichuchumaa, akajifunika kichwa, akasema, "Basi Ridhwan, basi, sirudii tena."

Ridhwan, Arafa. Kaka yako.

Wote tulisikia. Hakuna aliyecheka tena.

Jokha alipoona tunavyomtazama, akajivutia mtandio usoni, akasema eti kateleza. Kateleza! Na alikuwa kasimama palepale!

Mwalimu akapiga magoti mbele yake. "Tuache, mwanangu?"

 Jokha akasema, taratibu kabisa, "Turudie. Ila inua wa kushoto, mwalimu. Yeye ana mashoto."

Shoga, nililia. Alivyosema kwa upole, kama anamwelekeza mgeni njia.

Mara hii akauzuia. Akaipiga ile pedi huku machozi yanamtiririka, mpaka mikono ikamlegea.

Sasa yuko kwangu, hataki kurudi kwa mumewe Utende. Hajamtaja Ridhwan tena. Ameniuliza jambo moja tu: "Arafa atanihesabu ndugu bado?"

Nimeshindwa kumjibu kwa niaba yako. Njoo umjibu mwenyewe.