Kamusi ya Baba Yenye Jalada la Kijani

Kwa ndugu yangu Ochieng, Baba Atieno,

Kamusi ya baba ilipotea wiki ile tulipogawana vitu vyake baada ya matanga, miaka sita sasa, na wa mwisho kuonekana nayo ni wewe. Nimeanza na hilo ili usiseme hukuliona. Sasa nakusalimu. Mgongo wa mama unaendeleaje? Mahindi ya shamba la chini yalitoka? Mimi ni mzima. Baridi ya Leeds inauma mpaka meno, lakini pale chumba cha kufulia cha hospitali sasa nasimamia watu kumi na mmoja, mimi niliyeingia kukunja shuka.

Sikiza kilichotokea Jumanne. Ninasoma Kiingereza jioni, na mwalimu wetu, mama mmoja mzee, alitueleza jinsi maneno yao yanavyohama. Alisema "girl" zamani alikuwa mtoto yeyote, hata wa kiume. "Meat" ilikuwa chakula chochote. Na ukimwita mtu "nice", ulikuwa unamwambia ni mjinga. Mghana anayekaa nyuma yangu akasema sasa ameelewa ile barua ya sifa aliyopewa kazini. Darasa likacheka, lakini mimi niliuliza: mlijuaje, na waliosema hivyo walishakufa? Akajibu kwamba kuna watu waliokuwa wakiandika neno gani, nani alilitumia, wapi, mwaka gani.

Ochieng, nilisimama. Hiyo si kazi ya baba?

Unakumbuka akitoka kupima samaki pale Karungu, penseli sikioni, anafungua kamusi yake na kuandika pembeni. Kamusi ilisema "hotel" ni nyumba ya wageni kulala. Yeye akaandika: Homa Bay, mwenye duka, mahali pa chai na mandazi, hakuna kitanda. "Flash" ilikuwa mwanga wa ghafla. Akaandika: Rusinga, fundi wa mashua, kupiga simu na kuikata kabla haijapokelewa. Chini yake mwezi na mwaka. Wewe ulimcheka mbele ya wageni, eti mzee anawasahihishia Wazungu kitabu chao. Akakujibu bila kuinua kichwa, "Sisahihishi kitu. Naandika neno limefika wapi."

Niliwaambia haya yote. Mghana akauliza kama baba alikuwa profesa, nikasema alikuwa mtu wa mizani. Mwalimu hakucheka. Alivuta kiti akaketi karibu yangu, akasema ana rafiki anayetengeneza kamusi, na huyo anatafuta hasa Kiingereza cha watu kama sisi. "Niletee hata ukurasa mmoja," aliniambia. Nilitembea hadi nyumbani, hata basi nilisahau.

Lakini huo ukurasa uko wapi? Tangu matanga nimekuuliza kamusi iko wapi mara nne. Kwanza ulisema iko kwa sanduku. Pili, mwalimu wa Asumbi aliiazima. Tatu, mvua iliipata. Mara ya nne ulikata simu. Kamusi moja haiwezi kuwa mahali patatu. Pembeni ilikuwa na maandishi 214, niliyahesabu mara mbili nikiwa darasa la saba. Ulipewa wewe kwa sababu wewe ni mwanamume, mimi nikapewa blanketi, mimi niliyeacha shule kidato cha pili na kujifunzia Kiingereza ndani ya kamusi hiyo hiyo. Siku ile sikudai. Leo nadai. Kama mkeo alifungia mandazi kurasa zake, sema tu, sitagombana naye. Zikibaki kumi, nataka hizo kumi.

Msalimie mama, umwambie dawa ya kuchua inakuja. Msalimie mkeo, na Atieno, na shangazi Perez wa Mbita aliyenilipia daftari, na mjomba Odhiambo wa nyavu.

Barua hii inaletwa na Mama Pendo, jirani yangu hapa, anayekuja likizo kwao Migori. Atapita tena kwako Jumapili ijayo saa nane mchana, na hatakaa kunywa chai. Ikiwa unayo, mpe. Ikiwa huna, kabla ya saa nane mwandikie jina la aliye nayo na mahali anapokaa. Sitaki maelezo, Ochieng. Iko wapi?

Dada yako,
Akinyi