Mahali Pangu Mbele ya Mama Yako

Mujukuu wangu Mwape,

Salamu toka Nchelenge. Shangazi yako amejifungua binti. Babu yako anakohoa, lakini nyavu hajaziacha. Mimi, tangu barua yako ifike, situlii. Nimeanza kukujibu mara tatu, nikaacha.

Unauliza kwa nini mama yako hakubali kukaa akiupa mulango mugongo, hata kanisani.

Unajua hakutoka tumboni mwangu. Wakati wa vita ya ng'ambo ya ziwa, watu wa kanisa waliniletea mutoto wa miaka sita, aliyevuka ziwa bila mutu wake hata mumoja. Huku kwetu mutoto anakula akitazama sahani yake. Ukimutazama mupita njia, lazima umukaribishe. Tulikula mukekani, mulango wazi, na yeye kila tonge, macho njiani. Nikaona aibu. Nikamugeuza kwa nguvu, nikasema, "Kula, weye!" Siku mbili hakugusa bukari, ule ugali wetu, wala hakulia.

Siku ya tatu nikakaa pale nilipomukalisha. Nikasikia mutu anakuja nyuma yangu, simuoni. Nikageuka upesi kumutazama. Nikainuka, nikageuza mukeka.

"Tazama njia, mama," nikamuambia. "Akipita mutu, nitamukaribisha mimi."

Akala.

Musamaha sikumuomba. Nilijiambia mutu mukubwa haombi mutoto. Ila tangu siku ile, kila tunapokula pamoja, mimi ndiye ninayeupa mulango mugongo, ili yeye auone.

Siku nitakapokosekana, Mwape, ukae weye pale. Usimuambie sababu. Kaa tu, ule.

Nkambo wako