Fomu Thelathini na Moja

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wote waliomo humo ndani. Hujambo? Watoto hawajambo? Mgongo je, bado unakusumbua ukikaa sana kwenye cherehani? Nasikia kifua cha mama kimetulia, nashukuru. Mimi mzima, kazini naenda, chakula nakilazimisha. Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwangu, mtu ambaye hata ujumbe wa simu huuacha nusu. Kwenye simu ningeanza kulia, nawe ungeanza kunibembeleza, na safari hii sistahili kubembelezwa.

Tangu tumzike kaka umeniuliza mara tatu kama mimi, kwa kusoma kwangu kote, siwezi kuwaambia wale wa kiwandani kwamba mume wako hakuharibu kazi. Kamati yao imesema bomba la mvuke lilipasuka kwa sababu alilichomelea kwa pupa. Kaka yangu na pupa, wapi na wapi. Mtu ambaye karakana nzima ilimwita Taratibu, mtu aliyekuweka nusu saa mlangoni siku ya harusi yenu kwa sababu alikuwa bado anapiga viatu rangi. Najua pia kwamba mwanao mkubwa alirudi kutoka shuleni analia, ameambiwa baba yake aliwaua wenzake wawili na nafsi yake. Basi jibu ninalo, ila haliji peke yake.

Nianze na hiyo kazi yangu ambayo huwa unanitania kwamba nalipwa kutazama visivyoonekana. Ni kweli, ndiyo kazi yenyewe. Kituoni kwetu kuna kinu kinachotoa nyutroni, chembe ndogo mno zinazopenya hata chuma kinene na kutawanyika humo ndani. Kwa jinsi zilivyotawanyika tunajua chuma kimevutika wapi na kimebanwa wapi, bila kukikata. Wewe fundi unajua mshono unaweza kunyooka machoni huku kitambaa kimevutwa kupita kiasi. Kiungo cha bomba nacho ni hivyo hivyo.

Miaka mitatu iliyopita iliamuliwa ujengwe ukumbi mpya wa mashine. Wajenzi wakasema hawatabahatisha, watausikiliza umoja wa watumiaji, yaani sisi tunaokwenda pale kupima vitu vyetu, na katibu wa umoja huo ni mimi. Tulikaa vikao visivyohesabika kwenye chumba chenye feni moja, tena mbovu, tukabishana mpaka juu ya upana wa mlango na uzito ambao meza ya vipimo ingebeba. Wajenzi waliandika kila tulichosema. Swali kubwa likawa mashine ipi ianze: ya kupima vyuma vizito, au ya kupima vitu laini kama dawa na plastiki, ambayo ndiyo niliyoihitaji mimi kwa utafiti wangu.

Tukatuma fomu za maoni kila mahali, hata viwandani. Kaka alijaza ya kwake kwa herufi kubwa, kwa kalamu ile ile nene aliyowekea alama kwenye chuma. Aliandika kwamba kiwandani wameacha kupasha moto viungo vya bomba baada ya kuchomelea, ili kazi iishe upesi. Kwamba amelalamika, akaambiwa alete ushahidi. Kwamba amekata kipande cha bomba lenyewe, chenye kiungo, na angependa kipimwe. Fomu za mafundi kama yeye zilifika thelathini na moja.

Nilizitoa zote kwenye hesabu. Katiba yetu inasema mtumiaji ni mtu aliyewahi kutumia mashine za kituo ndani ya miaka mitatu. Sasa kama mashine ya vyuma haijajengwa, fundi gani angekuwa ameitumia? Upuuzi huo niliuona mchana kweupe nikanyamaza, maana fomu zile zikihesabiwa, mashine yangu inashindwa. Mwenyekiti aliniuliza kama kuna maoni yaliyobaki. Nikamjibu kwamba ya watu wenye sifa yote yamesomwa. Ya vitu laini ikawa ya kwanza, ya vyuma ikasogezwa mwisho, na mpaka leo mahali pake ni sakafu tupu.

Kaka hakujua. Aliniletea kipande chake ofisini, amekifunga kwenye gunia, nikakisukuma chini ya meza. Kila Jumapili akipiga simu alianza na habari za watoto, akaingia kwenye mpira, mwisho akauliza kipande kimesemaje. Nikawa namwambia mashine inamaliziwa, avumilie.

Baada ya mazishi nilikibeba mpaka kituo kingine, mbali, chenye mashine hiyo, nikawaangukia wanipe siku mbili. Majibu nimeyaweka humu kwenye bahasha. Kazi ya mkono wa kaka haina tundu wala ufa. Lakini chuma cha pembeni mwa kiungo kimevutika kiasi cha kukaribia kukatika, kwa kuwa hakikupashwa moto kilegee, kama alivyosema tangu mwanzo. Mume wako hakuua mtu. Mwambie mwanao leo hii, usingoje kesho.

Ningeweza kuishia hapo, ukanishukuru. Lakini ipo Jumapili moja, miezi minne kabla ya ajali. Kaka aliniambia wanamtaka asaini ili bomba, lililokuwa limezimwa kwa ukaguzi, lirudishwe kazini, naye amekataa katakata mpaka nimpe majibu. Nilikuwa nimechoka kuulizwa. Niliona aibu kumwambia kwamba mashine haipo, na kwamba aliyeizuia ni mimi. Nikamwambia imekamilika, kipande kimepimwa, kiko salama. Akacheka, akasema sasa ataweza kulala. Akasema ana bahati kuwa na mdogo aliyesoma. Kesho yake akasaini.

Haya yote nimeyaandikia kamati ya kiwanda, nikayapeleka jana kwa mkono wangu kabla ya kukaa kukuandikia wewe, ili nisipate pa kurudi nyuma. Umoja nao nimeukabidhi zile fomu zote na ukatibu wao. Sikuombi msamaha. Ningekuomba, ungejiona una deni la kunijibu, na huna.

Wasalimie watoto, mmoja mmoja. Mama usimwambie lolote, mzigo huo niachie mimi. Nitafika Jumamosi asubuhi. Ukiona huwezi kunitazama, usifungue. Nitakaa hapo nje mpaka mama atoke, nimwambie mwenyewe kwamba mwanawe aliniamini.

Ni mimi,
mdogo wa mume wako