Kadi ya Boksi la Viatu

Nada mwanangu,

Nimeacha mkasi na vipande vya boksi mezani, usivitupe. Samaki wa kupaka nimemfunika jikoni. Mpakulie bibi yako kwanza.

Asubuhi nilipokuuliza kama kadi ya grafiksi itaingia kwenye lile kasha dogo la kompyuta lenye taa, ulisema, "Mama, kompyuta haishonwi." Niliumia kidogo, halafu nikacheka peke yangu. Nikafanya ninachokijua. Vipimo vya kadi ulivyoandika daftarini nimevikata kwenye boksi la viatu, kama ninavyokata karatasi ya gauni, na nafasi ya ndani ya kasha, nayo umeiandika humo, nimeichora sakafuni kwa chaki. Kadi imezidi vidole viwili. Nimepima mara tatu nikitamani niwe nimekosea, maana najua ulivyolipenda kasha lile, na dukani wakishauza hawarudishi.

~~Agiza kadi fupi.~~ Hapana. Kadi hiyo umeiwekea akiba mwaka mzima, usiiache. Badilisha kasha, chukua lile jeusi pana lisilo na taa, humo kadi inaingia. Bei ni ileile. Taa nitakupa zile tulizopambia harusi ya binamu yako Turkiya, zimo kabatini.

Leo usilipe bado. Nimekwenda Pangani kumjaribisha bibi harusi nguo, nitalala huko. Pawa saplai, hiyo ya kuleta umeme, sijaikatia boksi lake. Kesho tutaikata pamoja, wewe ukinisomea vipimo.

Mama