Jembe la Kwenye Picha

Mbeya, 8 Mei 1957

Kwa mwanangu Tusekile,

Salamu nyingi. Mimi baba yako nina miaka sabini na mitatu. Nimepona Wajerumani, sotoka iliyomaliza ng'ombe, homa ile ya baada ya vita, na nimezika wake wawili, mama yako akiwa wa pili. Meno bado ninayo. Wewe hujambo? Kifua cha shangazi yako Marta kimepona?

Naandika mwenyewe, karani simtaki. Nataka kujua, ile picha ya sinema, ya mapenzi ya kuchekesha, aliyotupiga mzungu mwaka jana hapa kwetu imeonyeshwa huko Iringa? Yule dereva wake, Ambrosi, aliyekuwa mchumba wako wa kwenye picha, alijua kutembea tu. Aliyejua kusema ni mimi. Mzungu alitaka niseme "haya" basi. Nikamwambia mimi sina maneno ya mchezo. Nikapokea jembe alilonipa Ambrosi kwa mikono miwili, nikasema, "Binti nimekupa, mchukue." Watu wote kimya! Jembe nimebaki nalo. Linalima vizuri.

Ni mimi baba yako,
Asukile

Iringa, 2 Juni 1957

Kwa baba mpendwa,

Shikamoo baba. Mimi mzima, shangazi anakohoa kidogo, tunashona kama kawaida.

Picha imeonyeshwa uwanjani. Ulipopokea jembe watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini wazee wa Ambrosi walikaa mbele, nao hawakucheka. Kwao Wahehe baba akishapokea jembe, uchumba umefungwa. Ambrosi anasema, "Baba yako mwenyewe kasema nikuchukue, Iringa nzima imemwona." Baba, simtaki.

Baraza la wazee limesema urudishe jembe kabla Juni haijaisha, useme kwa kinywa chako kwamba ulikuwa mchezo. Gari ni siku mbili tu. Njoo baba, nakupigia magoti.

Ni mimi mwanao,
Tusekile

Mbeya, 15 Juni 1957

Kwa Tusekile,

Salamu. Mimi mzima kabisa.

Walicheka nini? Uliza, uniandikie. Nilisema maneno ya mtu mzima, hapakuwa na la kucheka.

Sasa unataka nisimame mbele ya Wahehe niseme mimi Asukile nilidanganya? Mjerumani mwenye kiboko alishindwa kunibadilisha neno, leo aje aniweze dereva? Kwetu mahari ya mke ni ng'ombe, jembe ni la kulimia. Ng'ombe sijaona hata mkia. Kwa hiyo hakuna ndoa, waambie hivyo, useme nimesema mimi. Jembe nimelitia mpini mpya. Nikimaliza kuvuna maharage nitaona.

Baba yako,
Asukile

Iringa, 11 Julai 1957

Baba, shikamoo.

Niliwaambia ulivyosema. Walicheka tena. Tarehe mosi walikuja kunichukua, shangazi akabaki analia mlangoni. Niko kwa Ambrosi.

Kwenye picha Ambrosi aliponishika kiuno, mzungu alisema "basi," naye akaniachia, sote tukacheka. Hapa hakuna wa kusema basi.

Barua hii anaipeleka shangazi kwa siri. Usinijibu huku, barua zangu anazisoma Ambrosi kwanza.

Ni mimi mwanao,
Tusekile

Mbeya, 20 Agosti 1957

Kwa mwanangu Tusekile, kwa mkono wa shangazi,

Salamu. Afya ipo. Marta akusomee siku mwenye nyumba yuko safarini.

Uliniona, nilikuja. Maharage niliyaacha yanapasukia shambani. Barazani nililirudisha jembe, nikasema nilidanganya. Wakanijibu, "Mzee, siku tuliyokupa imepita, na binti ameshalala kule." Ambrosi akanichukua kwake kama mkwe, akachinja kuku. Wewe ukaleta maji ya kunawa, ukapiga magoti, ukasema, "Karibu mzee." Mzee, si baba! Nilitaka kukuuliza hilo jicho limevimba nini, naye amekaa palepale ananitazama, anatabasamu. Sikuuliza. Kuku yule nilimla, Tusekile.

Watu wa huku nimewaambia mengi, lakini hilo la kuku sijamwambia mtu.

Siku utakayosema huna baba, utakuwa na haki. Ila kwamba nilifika, shahidi ni shangazi yako Marta, alinishika mkono tukitoka. Na kwamba nilisema nilidanganya, shahidi ni Danieli, karani wa baraza. Muulize. Nilisema mara tatu, maana mbili za kwanza sauti haikutoka.

Ni mimi baba yako,
Asukile