Tumbo la Kioo

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa hadubini! Ile kubwa ya ghorofa ya chini, Alhamisi, saa nane mpaka saa kumi. Nimeshuka ngazi mbili mbili kama mtoto aliyeruhusiwa kwenda kucheza.

Dokta, msimamizi wangu, amekubali shingo upande. Anasema chakula kitanichafulia vipimo. Lakini hiyo ndiyo hoja yangu. Ile rangi nyeupe ya unga inayotiwa kwenye peremende na krimu za keki ina chembe ndogo mno, chembe nano, na karibu kila jaribio nililosoma limezipima ndani ya maji safi. Nani anakula rangi kwa maji safi? Tunazila na sukari, mafuta, maziwa. Zikipita mdomoni na tumboni lazima zibadilike. Mimi nisingebadilika?

Masharti: Ijumaa nilete picha zinazoeleweka, mada iwe yangu. Nikikosa, narudi kwenye maji safi. Miaka miwili.

Jumanne, 4 Machi

Nimejenga tumbo. Ni la kioo, tyubu tatu. Ya kwanza rangi na maji. Ya pili rangi na maziwa. Ya tatu maziwa matupu, ya kulinganishia — humo isionekane chembe hata moja. Zote zitapata mate, kisha asidi, kisha nyongo, kwa joto la mwili.

Mate nimetoa mwenyewe, maana kila niliyemwomba alikumbuka ghafla kwamba ana haraka. Na mdomo nao ukakauka! Fundi wa maabara, aliyenibatiza Mama Tumbo, akanitoa koridoni (ndani haturuhusiwi kutia kitu mdomoni) akanipa chingamu. Tafuna tu, yatakuja yenyewe. Yamekuja. Mililita ishirini.

Dada yangu ameuliza leo nimefanya nini chuoni. Nimetema mate, nikamwambia. Akaweka kikombe chini. "Shule zote hizo, mdogo wangu, kumbe ni za kutema mate?" Tumecheka mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 5 Machi

Dakika mbili mdomo. Saa mbili tumbo. Saa mbili utumbo. Nimekaa mbele ya inkubeta, kabati la joto zilimo tyubu, siwezi kusoma, siwezi kula. Fundi anauliza natarajia mapacha au. Watatu, nimemjibu.

Alhamisi, 6 Machi

Taratibu. Niandike kwa mpangilio.

Tyubu ya maji: chembe zimeshikamana mabonge mabonge. Sawa, nilitegemea.

Tyubu ya maziwa: zimetawanyika, mojamoja, na kila moja imevaa utando mwembamba wa protini. Zimevaa! Rangi ileile, asidi ileile, lakini maziwa yamezivisha nguo. Nimepiga kigelegele peke yangu kwenye chumba chenye giza.

Tyubu ya tatu, isiyo na rangi: zimo.

Chache, lakini zimo, na mashine inasoma titani, madini yaleyale ya rangi yangu. Kama tyubu tupu si tupu, basi zile mbili nani ataziamini?

Nimekwenda kunawa uso. Kwenye kioo nikajiona natafuna. Tangu juzi nimezoea, sijui hata nilianza saa ngapi. Nikachomoa pakiti mfukoni, nikasoma maandishi yale madogo ya nyuma. Rangi: nyeupe, ya titani.

Mate yangu! Niliyatia kwenye tyubu zote tatu.

Fundi amehuzunika kuliko mimi. Anasema Mama Tumbo, picha mbili zinatosha, hiyo ya tatu sema tyubu ilipasuka, nani atakufuatilia. Kwa dakika kama kumi nilimsikiliza. Halafu nikarudi kwenye picha. Zile chache nazo zimevaa. Hazikutoka kwenye chupa ya maabara, zimetoka kwenye pakiti ya dukani, zikapita kinywani mwa mtu, zikakuta maziwa. Nilikuwa natafuta mlaji wa kweli, kumbe ni mimi mwenyewe, kama atafutaye miwani aliyoivaa kichwani. Siwezi kuacha kutabasamu. Jaribio langu limeharibika na siwezi kuacha kutabasamu!

Ijumaa, 7 Machi

Nimepeleka zote tatu.

Dokta ametazama ya kwanza, ya pili, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ya tatu akaivuta karibu. "Hii ilitakiwa iwe tupu." Ndiyo, Dokta. "Sasa hizi ni nini?" Nikaweka pakiti mezani na kueleza yote, bila kujitetea. Nilitabasamu muda wote, kitu cha aibu kabisa.

Akavaa miwani. Akasoma pakiti mbele na nyuma. Kisha, chingamu zimebaki ngapi? Nne, nikasema.

Sasa naandika nimeegemea ukuta wa korido. Dokta amesimama mbele yangu, tyubu ya kutemea mate mkononi, anatafuna. Dakika ya sita. Kinywa kimejaa, kwa hiyo hajasema ndiyo wala hapana. Fundi amechungulia mlangoni, anauliza atayarishe tyubu ya nne au vipi.

Dokta ameinua vidole vitatu: tyubu tatu mpya, jaribio zima upya.